Kandambili za Mbele ya Friza

Ninyi vijana mnaopanga vyumba mjini, na ninyi mnaosomea ufundi umeme, nina swali. Mmeshaona wapi friza yenye viatu vyake? Kandambili za mpira zimepangwa mbele ya friza, siyo mlangoni wala chooni, na anayetaka maji ya baridi anazivaa kwanza ndipo anashika mpini. Mimi nimeziona hapa hapa Morogoro, mtaa wa Kilakala, kwenye nyumba ambayo karatasi yake ya ukaguzi wa umeme ina saini yangu.

Msidhani anayeandika haya ni babu. Sijafika hamsini. Nilistaafu mapema, tena bila sherehe, na mkinivumilia mtajua nani alinistaafisha.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kawaida na miguu isiyotulia. Kazi ya kukagua umeme majumbani ilinifaa kwa sababu haikukalisha mtu. Wiki hii uko Dakawa kwenye nyumba za wakulima wa mpunga, wiki ijayo uko juu Nyandira kwenye baridi, unakunywa chai ya tangawizi jikoni kwa watu usiowajua. Hadi leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa naikumbuka kazi ile kabla sijakumbuka kitu kingine. Umeme na udongo ni ndugu, na watu wengi hawalijui hilo.

Nieleze kidogo, maana si kila msomaji ni fundi. Kila nyumba yenye umeme inatakiwa kuwa na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ndefu, ukiisimamisha inakufika karibu na kifua. Mafundi tunaiita athi rodi. Kutoka kwenye nondo hiyo unatoka waya wa kijani na njano, unakwenda kwenye mainswichi, halafu unasambaa kwenye soketi zote za nyumba. Umeme ukipotea njia, ukaingia kwenye bati la friza au la pasi, nondo ile inaupa barabara ya kwenda chini. Usipoupa barabara hiyo, utapita kwenye mwili wa mtu. Ndiyo maana mnaambiwa msiwe peku. Lakini nyumba ambayo usalama wake unategemea kandambili si nyumba, ni mtego uliopakwa rangi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mloka, Mluguru wa mjini, mtu asiyekosa swala na asiyeweza kunyamaza akiona kazi mbovu. Alikuwa na mashine ya kupimia kama sisi wote, lakini kabla ya mashine alikuwa na mikono. "Zima mainswichi," alikuwa akinifundisha kila nyumba kama vile sijawahi kuisikia. "Hakikisha kwa testa. Vaa viatu vikavu. Fungua kibano cha waya. Sasa shika nondo kwa mikono miwili, vuta."

"Mzee, si tunapima kwa mashine?"

"Mashine utapima baadaye. Kwanza vuta. Ikija, utapima nini?"

Siku moja tulipanda Nyandira kukagua nyumba ya katekista wa kigango. Nyumba nzuri, bati jipya, bustani ya kabichi imezunguka kuta. Mzee Mloka akafuata hatua zake, akainama, akaivuta ile nondo kwa nguvu zake zote. Ikatoka yote mara moja, naye akaenda chali katikati ya kabichi. Mkononi alikuwa ameshika kipande kisichozidi urefu wa kiganja.

Katekista akatoka ndani mbio. "Mzee wangu, umekuja kukagua umeme au kuvuna?"

Mzee Mloka alijibu palepale alipolala: "Nimevuna, baba. Karoti ya shaba."

Tulicheka hadi mke wa katekista akaleta chai mapema kuliko ilivyopangwa. Lakini mzee alipoinuka na kujipangusa, hakuwa anacheka tena. Alimwita fundi aliyefunga nyaya, na fundi hakukana. Alisema alipiga nondo ile ikakutana na mwamba, akaipiga tena ikapinda, basi akachukua msumeno wa chuma, akakata kilichobaki juu. Huko milimani mafundi wengi wanafanya hivyo. Ukikaa chini ya Uluguru unadhani mlima ni udongo mwekundu na migomba, kumbe chini ni jiwe.

"Mwamba ukikukataa unamwomba udongo pengine," mzee alimwambia. "Huikati nondo."

Wakazunguka nyumba wote wawili hadi wakapata sehemu yenye unyevu, nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapokwenda kumwagikia migomba. Wakaipiga nondo mpya kwa kuilaza kidogo, na ikaingia yote. Yashikeni haya, ninyi mnaosomea ufundi: sehemu nzuri ya nondo ni ile ambayo mgomba unastawi kiangazi. Ukikuta mwamba, sogea, ilaze, au chimba mtaro. Msumeno uache kwenye begi.

Mimi niliyashika haya kwa miaka mingi. Halafu Mzee Mloka akafariki, na dunia ikapata simu zenye kamera.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sehemu yake kubwa ni juu yangu mwenyewe. Mkandarasi niliyekuwa nafanya kazi kwake, ambaye sisi wote tulimwita Bosi, alikuja na utaratibu mpya. Fundi anapiga picha za mainswichi, soketi na kichwa cha nondo, anazituma kwenye simu, mkaguzi anazitazama na kusaini. Niliuliza kidogo tu, ili nisionekane wa zamani.

"Bosi, kwenye picha nitavuta vipi?"

"Wewe na kuvuta kwako! Picha si inaonyesha nondo ipo? Unataka nini tena, uilambe?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Kicheko kile bado kinanichoma.

Mwaka ule zilikuja picha za nyumba nne za mwenye nyumba mmoja, Bwana Lusewa, mtu mwenye maneno laini na nyumba za kupangisha Kilakala. Nyumba nne, picha nne za vichwa vya nondo, vyote vinang'aa. Nilikuwa nimekaa mgahawani karibu na stendi, nakula chipsi mayai. Nikazikuza picha kwa vidole vyenye mafuta. Nikasaini zote nne kabla sahani haijaisha.

Zikapita kama miezi minane. Asubuhi moja nilikuwa sokoni nanunua karoti kwa Mama Felista, mama wa Nyandira aliyepanga mjini, ambaye hushuka na mboga na ana meza yake pale miaka yote. Kwa umri ananizidi, kwa hiyo salamu yake ni shikamoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo nikuulize wewe fundi. Eti friza mpya zote zinarusha?"

"Zinarusha vipi?"

"Zinarusha! Ukiishika hivi, inakupiga kwenye kiwiko. Baba mwenye nyumba kasema ni kawaida ya friza mpya, ikizeeka inatulia."

Nilicheka. Friza inayotulia ikizeeka, kama fahali! Nikamwambia haipo friza ya namna hiyo. Mama Felista hakucheka. Alifungua kiganja cha kulia, akanionyesha alama iliyokauka chini ya kidole gumba.

"Hapa ilinikamata. Nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nikaanguka, ndoo kule, mimi huku. Toka siku ile tuna kandambili za friza, nyumba nzima tunajua. Ila sasa anakuja Felista wangu, mjamzito, anashuka Jumapili aje kujifungulia huku karibu na hospitali. Yeye kwao hakuna friza. Hazijui hizo sheria. Nimemnunulia kandambili zake mwenyewe nyekundu, ili asisahau."

Aliutoa mfuko chini ya meza akanionyesha. Kandambili mpya nyekundu, bado zimefungwa kwa uzi. Nimeona nyaya zilizoungua, nimeona soketi iliyoyeyuka ukutani kama nta, lakini sijaona kitu kilichonitisha kama kandambili zile.

"Unakaa nyumba ya nani, mama?"

"Ya Bwana Lusewa. Kilakala."

Karoti niliziacha mezani.

Nilifika naye mchana. Ilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vinane, korido katikati, wapangaji sita. Friza ya Mama Felista, ya kuuzia barafu na maji, ilikuwa mwisho wa korido, na mbele yake kandambili zimetulia kama zinasubiri mgeni. Niliigusa kwa testa, taa ikawaka. Nikaenda chumba cha jirani yake, kinyozi mmoja mchangamfu, friji yake nayo ikawasha taa. Chumba cha tatu vilevile. Nikawaomba wachomoe kila kitu, halafu warudishe kimoja kimoja. Tulipochomeka birika la kinyozi, friza ya Mama Felista ikawa na umeme kwenye bati.

"Birika langu?" kinyozi akashangaa. "Mbona mimi halinirushi?"

"Kwa sababu ni la plastiki. Linavujisha kwako, linang'ata kwa mama."

Hii muielewe vizuri ninyi mnaopanga. Waya wa kijani unaunganisha vyumba vyote. Kama kule mwisho nondo ipo, umeme unaovuja unakwenda ardhini na balaa linaishia hapo. Kama nondo haipo, waya uleule uliowekwa kukulinda unakuletea ubovu wa jirani hadi kwenye mpini wa friza yako. Unaweza kununua friza mpya kila mwezi, utarushwa tu.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Kichwa cha nondo kilikuwepo palepale kama kwenye picha, haking'ai tena. Nikazima mainswichi, nikahakikisha kwa testa, nikafungua kibano. Wapangaji walikuwa wamenizunguka. Nikashika kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikavuta.

Nusura nami nianguke. Ilikuja bila ubishi. Kipande chenyewe hakikufika urefu wa bamia tatu zilizounganishwa, na chini kimekatwa kwa msumeno, mkato bapa na safi. Wala hapakuwa na mwamba. Ardhi ya pale ni laini, ungeweza kupiga nondo mbili moja juu ya nyingine.

Bwana Lusewa alikuja na bodaboda kabla sijapangusa mikono. Sijui nani alimpigia. Nilikuwa nina hasira ya kutosha kuwasha mtaa mzima, lakini ni mtu mzima kwangu, kwa hiyo shikamoo niliitoa.

"Marahaba. Unang'oa nini kwenye nyumba yangu?"

"Hiki. Kingine kiko wapi?"

"Kingine nini? Hiyo ndiyo nondo. Imekaguliwa, imepita. Karatasi ninayo, ina saini na mhuri." Akatabasamu. "Tena nadhani saini unaifahamu."

Watu wote wakanitazama. Kinyozi akasema polepole, "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema.

 Bwana Lusewa alimgeukia Mama Felista. "Na wewe mama, kama nyumba inakurusha, milima ipo. Asiyetaka ahame. Wanaosubiri vyumba ni wengi."

Mama Felista akanivuta pembeni. Aliongea chini chini. "Baba, irudishe. Irudishe ilivyokuwa. Mtoto anakuja Jumapili, leo Alhamisi. Nikifukuzwa nitampeleka wapi? Kandambili anazo. Nitamwambia. Nitamwandikia hata ukutani."

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Hivi ndivyo mwenye nyumba mbovu anavyoshinda siku zote. Hashindi kwa hoja, anashinda kwa sababu mpangaji anaogopa kukosa paa kuliko anavyoogopa umeme. Anamfanya mtu aombe kwa mdomo wake mwenyewe arudishiwe mtego. Nilimtazama mama yule, mtu anayebeba mboga toka Nyandira alfajiri, mtu ambaye hakuniambia neno moja baya kuhusu saini yangu, na nikajua kwamba nikikirudisha kile kipande ardhini sitaweza tena kula karoti za mtu yeyote.

"Sirudishi," nikamwambia. "Na wewe huhami."

Nilimwomba kinyozi achomoe birika lake na kulifungia, nikachomoa friza, nikawaomba wote wasichomeke kitu chenye bati hadi nirudi. Kisha nikaenda kwenye zile nyumba nyingine tatu za Bwana Lusewa. Kila nyumba nilijitambulisha, nikazima, nikavuta. Nyumba ya pili, kipande. Ya tatu, kipande. Ya nne, kipande, na hiki cha nne kilikuwa na ncha chini. Katika nyumba zile tatu, mbili nilikuta kandambili.

Kesho yake tulikuwa ofisi ya serikali ya mtaa: mimi, Mama Felista, kinyozi na wapangaji wengine kumi na kitu, na Bwana Lusewa na bahasha yake ya karatasi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole, anayesikiliza huku akimenya chungwa. Bwana Lusewa alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema mimi ni fundi mwenye wivu, kwamba nyumba zake zote nne zina nondo nne, picha nne, saini nne.

"Saini za nani?" mwenyekiti akauliza.

"Zangu," nikasema. "Zote nne. Nilisaini bila kufika, nikiwa nakula."

Mwenyekiti akaliweka chungwa chini. "Na nondo?"

Nikaitoa kwenye begi ile ya kwanza, nikailaza juu ya meza. Nikaweka ya pili, ncha kwa ncha. Nikaweka ya tatu. Nikamalizia na ile yenye ncha. Msumeno una mwandiko wake: pale ulipopinda kidogo upande huu, upande wa pili umepinda vilevile. Vipande vile vilikaa pamoja bila nafasi ya kupitisha ukucha. Nondo moja nzima, imelala juu ya meza ya serikali ya mtaa, ndefu kama inavyotakiwa kuwa. Nondo moja ilikuwa imegawiwa nyumba nne kama mkate.

Kinyozi ndiye aliyesema kwanza. "Mzee, si ungetukata na sisi, tuenee vyumba vyote?"

Hakuna aliyecheka sana. Bwana Lusewa alitazama ile nondo, akarudisha karatasi zake kwenye bahasha. Mwenyekiti alimwambia nondo nne nzima ziwe ardhini kabla ya Jumapili, mbele ya wapangaji, na mpangaji yeyote akihamishwa kwa ajili ya jambo hili, nondo ile iliyokatwa itapelekwa pamoja na karatasi zake mahali ambapo hatapenda. Nondo hiyo ilibaki kabatini kwa mwenyekiti. Nadhani bado ipo.

Jumamosi tulipiga nondo nne. Nilizipima kwa mashine, lakini kwanza nilizivuta. Jioni Bosi alinipigia simu. Alisema nimeiaibisha ofisi. Nikamwambia ofisi iliaibika siku ile tuliyocheka. Akasema nilete mhuri. Niliupeleka Jumatatu asubuhi, nikaambiwa asante kwa utumishi, na huko ndiko kustaafu kwangu. Sikuonewa. Mtu aliyesaini nyumba nne akiwa na sahani ya chipsi hastahili kushika mhuri, hata akija kutubu. Kinachonikera ni kwamba aliyechukua mhuri ule naye aliletewa picha siku ileile, na simu zinaendelea kulia hadi leo.

Kwa hiyo sasa natembea tu. Nanunua viazi na njegere milimani nashusha mjini, na kila ninapolala naulizwa habari za umeme, maana mdomo wangu haujastaafu. Ninyi mnaoingia kwenye kazi hii, mtaletewa picha. Zitakuwa nzuri kuliko zangu. Kataeni. Semeni mna miguu. Na wewe mpangaji, usimuulize mwenye nyumba kama umeme ni salama, maana unajua atakachojibu. Ukikuta umezoea kuvaa kitu ili ushike kitu, mwite fundi mwenye mikono, simama naye, na umwangalie akivuta.

Mwezi uliopita nilipita Kilakala. Mama Felista alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, makalio juu, kanga imefungwa kiunoni. Kumbe kila mwanzo wa mwezi, kabla hajampelekea Bwana Lusewa kodi, anamwita fundi wa mtaa, anazima, anakagua, na kumsimamia hadi avute. Siku ile alikuwa amemsukuma fundi pembeni, anavuta mwenyewe.

"Mama, mainswichi umezima?" nikapiga kelele.

"Nimezima! Unanifundisha mimi?" Akavuta tena, akapumua. "Haiji, baba. Haiji kabisa."

Tukaingia ndani kunywa maji ya baridi. Ile friza ipo palepale mwisho wa korido, na mbele yake sakafu ni tupu. Mjukuu wake alikuwa anatambaa pale, peku, matone ya maji yamemwagika chini ya mikono yake. Akaifikia friza, akaushika mpini wa chini kwa vidole vyake vitano, akajivuta juu, akasimama dede.

Nilinyoosha mkono nimzuie. Mama Felista aliniona, akacheka, akanimiminia maji.